Uzi maalumu: sailensi ya kawaida ni ngapi, na mtetemo upi gari imezaliwa nao? Passo, Vitz, IST, March, Fit

#1 Spana Kumi

Wakuu, swali ni lile lile kila wiki: gari ndogo inatetemeka ikiwa imesimama, mtu kashabadilisha plagi, kashaosha nozeli, kashanunua koili, na bado inatetemeka. Tuliweke sehemu moja. Naanza na namba, halafu jinsi ya kujua mtetemo unatoka wapi kabla hujatoa hela. Mwenye kuongeza aongeze, mwenye kukosoa akosoe.

Injini ikiwa imepata moto sawasawa, AC na taa zimezimwa, gia iko N au P, gari nyingi za Kijapani za cc 1000 hadi 1500 zinakaa kati ya 650 na 800 rpm (mizunguko ya injini kwa dakika). Injini ya 1NZ ya IST na Vitz inapenda 650 hadi 750. Ukiingiza D huku umeshika breki inashuka kidogo, kama 50 hivi, halafu inajishika. Ukiwasha AC, kontroboksi (kompyuta ya injini) inapandisha makusudi hadi 800 au 900 na ushee, maana kompresa ni mzigo. Asubuhi injini ikiwa baridi inaanzia 1200 hadi 1500 na kushuka taratibu maji yanavyopata moto. Kwa hiyo anayepima sailensi dakika ya kwanza baada ya kuwasha hajapima kitu.

Namba peke yake haitoshi, angalia pia utulivu wake. Injini iliyokaa 820 bila kucheza haina haraka ya gereji. Inayopanda 900 na kushuka 550 kila sekunde mbili ina ugonjwa, hata kama wastani wake unatoka 725.

Sasa mtetemo. Passo ya 1.0 na Vitz ya 1.0 ya kuanzia 2005 zina injini ya 1KR-FE, cc 996, silinda tatu, na haina shafti ya kusawazisha. Vitz ya 1.0 ya kabla ya hapo, ile SCP10, ina 1SZ-FE yenye silinda nne. Zote mbili watu wanaziita "Vitz ya cc 1000", kisha mtu anashangaa kwa nini yake inatetemeka na ya jirani imetulia. Ni injini mbili tofauti kabisa.

Kwenye silinda tatu, moto unapigwa kila nyuzi 240 za mzunguko wa krenki (shafti kuu ya injini). Kwa 750 rpm hiyo ni mapigo 18.75 kwa sekunde. Silinda nne kwa mwendo huo huo inapiga 25. Mapigo machache maana yake kila pigo ni zito na nafasi kati yake ni ndefu, na mwili wa binadamu unahisi vizuri zaidi mtikisiko wa polepole. Zaidi ya hapo, pistoni ya mbele na ya nyuma hazipandi pamoja, hivyo injini nzima inataka kuinua kichwa na kushusha mkia kama ngalawa inayokata mawimbi. Mauntingi, ile mipira inayoshikilia injini kwenye bodi, ndizo zinazomeza hayo yote. Usukani kutetemeka kidogo kwa mpigo ulio sawa, kioo cha ndani kufanya ukungu mdogo, hayo ni ya kuzaliwa nayo.

Ambayo si ya kuzaliwa nayo ni kukosa mpigo. Simama nyuma ya gari, shika kipande cha karatasi sentimita tano hivi kutoka mdomo wa bomba la moshi. Injini nzima inaisukuma karatasi kwa mpapatiko ulio sawa. Injini inayomisi inasukuma, inasukuma, kisha karatasi inalegea, wakati mwingine inavutwa ndani kidogo, na inarudia hivyo hivyo. Haigharimu hata senti.

#2 Mtaa wa Nyuma

Spana Kumi, kongole. Swali dogo kutoka upande wa pili wa Namanga: hiyo sailensi ndiyo sisi tunaita aidoli? Manake kwetu sailensa ni ile ya moshi, nusu ya ujumbe nimeusoma nikiwaza eksosi. Na rpm mtu atazisoma wapi? Passo nyingi dashibodi yake ina spidi na mafuta tu, mshale wa rpm hakuna.

#3 Spana Kumi

Ndiyo hiyo hiyo. Sailensi ni injini kuunguruma bila mguu kwenye mafuta, sailensa ni lile dumu la moshi. Tumezoea, hatuoni tena kwamba yanagongana.

Za kusomea rpm: kifaa cha OBD cha Bluetooth, vile vya ELM327, kinachomekwa chini ya usukani na kusomwa kwenye simu. Angalizo: gari za soko la ndani la Japani za miaka ya 2004 hadi 2010 zipo zinazogoma kuongea na baadhi ya programu. Ikigoma usiseme kifaa kibovu, jaribu programu nyingine kwanza.

#4 Bi Rejeta

Hata kifaa si lazima. Simu yoyote ya kisasa ina kihisi cha mtikisiko ndani yake. Tafuta programu ya kupima mtetemo inayochora grafu ya masafa kwa hezi, laza simu juu ya reli ya kiti cha dereva au kwenye sakafu tupu (siyo juu ya kiti, sponji inameza), washa injini, iache sekunde 30.

Kwa silinda tatu, mlima mkubwa wa mpigo wa moto ukiuzidisha mara 40 unapata rpm. Mlima ukiwa 18.75, ni 750. Kwa silinda nne zidisha mara 30.

Kizuri zaidi ni milima mingine. Kwa 750 rpm, krenki inazunguka mara 12.5 kwa sekunde. Mlima mdogo hapo 12.5 kwenye 1KR ni ile ngalawa aliyoisema Spana Kumi, haikosekani. Lakini silinda moja inapougua, kasoro yake inajirudia kila mizunguko miwili ya krenki, yaani mara 6.25 kwa sekunde. Ukiona mlima uliosimama kwenye 6 na kitu, huo ni mguu wa silinda moja inayochechemea. Usiende kununua mauntingi.

#5 Nyundo ya Mwisho

Naweka kambi hapa. Hiyo ya 6.25 sijawahi kuiona imeandikwa kwa Kiswahili.

#6 Kijiti cha Oili

Nitaongeza vipimo vya gia, maana ndivyo vinavyotenganisha njia. Injini iwe na moto, breki ya mkono juu, mguu kwenye breki, na hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari.

N imetulia, D inatetemeka, R inatetemeka zaidi au kinyume chake: anza na mauntingi. Injini ikiwa kwenye D inasukumwa kuelekea upande mmoja, kwenye R upande mwingine, hivyo mauntingi iliyochoka inaonekana zaidi upande mmoja kuliko mwingine.

N na D zote zinatetemeka, na mpigo hauko sawa: ni kumisi. Mauntingi haifanyi injini imisi, inakufichia au kukuonyesha tu.

D inatetemeka, lakini ukiwasha AC mtetemo unapungua: sailensi iko chini mno. AC imepandisha rpm, injini imetoka kwenye masafa yanayoitikiwa na bodi. Angalia throto bodi (mlango wa hewa ya injini) na umri wa betri kabla ya kitu kingine.

Imetulia hadi AC iwashwe, kisha inatikisika kila kompresa inaposhika: ama sailensi haipandishwi, ama kompresa yenyewe ni nzito, ama feni imevunjika pezi. Feni inajulikana kwa urahisi, mtikisiko unakuja na kuondoka nayo hata AC ikiwa imezimwa.

Usukani umetulia ila sakafu au mlango unapiga kelele: chungulia chini. Mipira ya kuning'iniza sailensa ikikatika, bomba linagusa bodi na gari nzima inanguruma kama mashine ya kusaga. Bati la kukinga joto likiachia skrubu, nalo linacheza kwenye rpm fulani tu. Mipira miwili ya chini ya rejeta nayo husahaulika. Ikipotea, rejeta inakaa chuma kwa chuma.

#7 Mwenye swali

N shwari kabisa, D usukani unacheza na mlango wa dashibodi unagonga. Vitz KSP90, ile ya silinda tatu. Nimeambiwa nibadilishe mauntingi zote. Nitajuaje ipi?

#8 Kijiti cha Oili

Hizo gari kwa kawaida zina tatu: ya kulia upande wa mikanda, ya kushoto juu ya giaboksi, na ya nyuma chini inayozuia injini isijiviringishe. Ya kulia kwenye nyingi ina majimaji ndani, na ndiyo hufa mapema. Ukiona weusi wa mafuta-mafuta umetiririka kutoka kwenye mpira wake ilhali juu yake hakuna uvujaji wa oili, imepasuka.

Kipimo: fungua boneti, mtu mwingine akae ndani, ashike breki kwa nguvu, aingize D, aongeze mafuta kidogo tu hadi kama 1200, aachie. Arudie kwa R. Wewe simama pembeni, usisimame mbele. Injini kujongea kidogo ni halali yake. Ikiruka sentimita mbili na kurudi na "dup", hiyo imeachia. Ya nyuma huijui kwa macho, ingiza mtalimbo mfupi kati ya mpira na chuma na uusukume taratibu. Mpira uliotengana na chuma unafunguka kama mdomo.

Kazi ya kubadilisha si kubwa, ila watu wanakosea hatua mbili. Jeki isigonge karta ya oili moja kwa moja, weka ubao mpana katikati, inua hadi uzito tu uondoke kwenye mauntingi, basi. Bolti nyingi hapo ni spana 14 na 17. Pili, ukishafunga mpya usikaze moja moja hadi mwisho. Ingiza bolti zote kwa mkono, shusha jeki, tikisa injini kwa mikono ikae inapotaka yenyewe, ndipo ukaze. Ukikaza injini ikiwa imening'inia kwenye jeki, mpira unafungwa ukiwa umejikunja, na mtetemo unabaki pale pale na mauntingi mpya ndani.

Kuhusu ununuzi: mauntingi ya bei poa iliyojazwa mpira mgumu mahali pa majimaji inapitisha mtetemo zaidi ya ile ya zamani iliyochoka. Mtu anarudi dukani kugombana wakati aliyemuuzia hakumdanganya, kamuuzia mpira. Uliza kabla ya kulipa kama ina majimaji, na iminye kwa dole gumba.

#9 Plagi Tatu

Upande wa kumisi niachieni mimi.

Kwanza, kwenye silinda tatu, kumisi silinda moja ni kupoteza theluthi ya nguvu. Ndiyo maana Passo inayomisi inatikisika hadi namba za gari zinapiga kelele, ilhali IST inayomisi vile vile mtu anaweza kuiendesha wiki nzima akidhani ni barabara. Taa ya cheki injini ikimweka-mweka badala ya kuwaka tu, simamisha safari, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye katalisti (kisafisha moshi).

Soma kodi, yaani namba ya hitilafu, kwa kifaa cha OBD. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, P0303 ya tatu, namba moja iko upande wa mikanda. P0300 ni kumisi kusikochagua, na hapo usiwaze koili, waza kitu kinachogusa silinda zote: hewa, mafuta, presha.

Kama ni silinda moja, usinunue. Hamisha. Koili ya silinda yenye kodi ipeleke silinda nyingine, futa kodi, endesha. Kodi ikihama na koili, koili ndiyo. Ikibaki pale pale, hamisha plagi. Ikibaki tena, hamishia fikra kwenye nozeli, kisha pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Kwa utaratibu huu unanunua kitu kimoja badala ya vitatu.

Ukichomoa koili, tazama shimo la plagi kwa tochi. Likiwa na oili, basi sili za mashimo kwenye tapet kava (kifuniko cha juu cha injini) zimekauka, na oili hiyo imelainisha mpira wa koili hadi cheche inakimbilia pembeni. Ukibadilisha koili bila kubadilisha gasketi na sili zake, miezi michache unarudi hapo hapo. Kwenye mpira wa koili mbovu utaona mstari mweupe au wa kijivu mwembamba kama uliochorwa kwa penseli, ukishuka kutoka juu hadi chini. Hiyo ni njia ya cheche.

Plagi: mwanya wa hizi za iridiamu ni milimita 1.0 hadi 1.1. Usiupinde kwa kugongesha plagi kwenye sakafu, ile ncha ya katikati ni nyembamba na inavunjika. Plagi mpya yenye wosha: kaza kwa vidole hadi ikae, kisha ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili, injini ikiwa baridi. Iridiamu bandia ziko nyingi sokoni. Ya kweli ncha yake ya katikati ni nyembamba kuliko ya kawaida kwa mbali sana, karibu nusu milimita, na imechomelewa katikati bila kupinda. Ikiwa nene kama ya plagi ya bodaboda, umelipia boksi.

Kompresheni: toa plagi zote, kanyaga mafuta hadi chini, piga stata hadi geji isimame. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 1. Silinda zote zikiwa 11 zinaweza kutulia kuliko injini yenye 14, 14 na 10.

#10 Roho ya Chuma

Mnazunguka sana. Kwenye throto bodi kuna kaskrubu kadogo kana nati, unakakaza robo mzunguko sailensi inapanda, mtetemo unakwisha. Dakika mbili.

#11 Spana Kumi

Mkuu, kaskrubu hako kamefungwa kiwandani kwa rangi kwa sababu yake. Si ka sailensi, ni ka kuzuia kipepeo cha throto kisijichimbie kwenye ukuta. Ukikakaza, kipepeo hakifungi tena mwisho wake, na sensa inaiambia kontroboksi kwamba dereva bado amegusa mafuta. Matokeo yake: ukiachia mafuta kwenye mteremko, petroli haikatwi kama inavyotakiwa. Ukiingiza D inaruka kwa kishindo maana injini iko 1000. Kwenye foleni breki inapambana na injini siku nzima. Na kile kilichoishusha sailensi, uchafu au hewa au silinda mgonjwa, bado kimo ndani.

Enzi za kabureta skrubu ilikuwepo na ilikuwa na kazi. Kwenye EFI, mfumo wa petroli unaoendeshwa na kompyuta, sailensi inatafutwa na kontroboksi yenyewe. Ikishindwa kuipata, tafuta kinachoizuia.

#12 Roho ya Chuma

Basi tuambieni kinachoizuia, bila hotuba.

#13 Bi Rejeta

Mara nyingi masizi. Mvuke wa oili kutoka kwenye krenki unarudi kwenye intake (njia ya kuingizia hewa), unajipaka pembezoni mwa kipepeo. Sailensi inapita kwenye mwanya mwembamba kama unene wa karatasi, kwa hiyo utando kidogo tu unaiziba. Dalili: sailensi chini, injini inataka kuzima ukiachia mafuta ghafla au ukikata usukani umesimama.

Kuosha: toa betri waya wa hasi, vua bomba la hewa, tumia dawa ya kuoshea throto bodi na kitambaa laini. Dawa kali ya kabureta inakula ule upako mweusi wa kiwandani ulioko pembezoni, na ukishaondoka mwanya unaongezeka moja kwa moja. Kwenye throto ya umeme usisukume kipepeo kwa kidole ufunguo ukiwa umewashwa, gia zake za plastiki hazivumilii na kidole nacho kina hatari ya kubanwa. Pulizia kitambaa, si kwenye shafti, maana dawa ikiingia kwenye mota inafuta grisi. Gari za zamani zenye waya wa mafuta zina valvu ya sailensi pembeni ya throto, nayo ifunguliwe ioshwe, vinginevyo umefanya nusu.

Baada ya kuosha, sailensi itapanda. Usishtuke na usirudie kuosha. Kontroboksi ilikuwa imejifunza kufungua zaidi kwa sababu ya uchafu, sasa uchafu haupo. Kwa Toyota nyingi: baada ya kurudisha betri, washa ufunguo bila kustata sekunde 10, mguu mbali na mafuta, kisha stata, acha ipate moto hadi feni izunguke mara moja, iache N dakika 10 bila AC, halafu D na breki dakika kadhaa, halafu D na AC. Endesha kawaida siku moja mbili. Ikiwa bado iko 1000, basi kuna hewa inapenya.

#14 Plagi Tatu

Hewa ya wizi. Hapo kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulichanganya. Gari yenye sensa ya kupima hewa inayopita, ikipata tundu baada ya sensa, inapata hewa isiyohesabiwa. Mchanganyiko unakuwa mwembamba, sailensi inacheza, kodi P0171. Gari inayopima mvutano ndani ya intake haina hewa isiyohesabiwa, tundu likitokea presha inabadilika na kontroboksi inaongeza petroli ya kulingana nayo. Hiyo haimisi, sailensi inapanda tu. Tundu ni lile lile, dalili mbili.

Kwa kutafuta, usimwage dawa inayowaka juu ya injini yenye moto kama wanavyofanya wengi, moto umeshakula boneti za watu. Koleo la mdomo mpana lililofungwa kitambaa linatosha: bana mpira mmoja mmoja, subiri sekunde tano, sikiliza. Mpira wa busta ya breki, mpira wa kurudishia mvuke wa krenki, mpira wa valvu ya mvuke wa tangi. Ukibana mmoja na sailensi ikatulia, umempata mwizi. Valvu ya mvuke wa tangi ikikwama wazi ina dalili yake: gari inasumbua kuwaka baada ya kujaza mafuta.

Mwenye kifaa cha OBD atazame marekebisho ya petroli. Kuongeza au kupunguza hadi asilimia kumi ni kawaida. Ikiwa ishirini na kitu kwenye sailensi kisha inashuka karibu na sifuri kwenye 2500 rpm, ni tundu. Ikiwa ndogo kwenye sailensi na kupanda ukikanyaga, ni pampu au chujio la petroli.

#15 Nyundo ya Mwisho

Na gari inayokaa 1100 siku zote, imeoshwa, haina tundu?

#16 Kijiti cha Oili

Uliza kama ina thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Kuna imani kwamba nchi ya joto haihitaji, kwa hiyo injini ikichemka mara moja thamostati inatupwa. Thamostati ya gari hizi inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo, maji yanazunguka muda wote, na ukiwa barabarani upepo unaishusha injini hadi 60 na kitu. Kontroboksi inaona injini baridi na inapandisha sailensi, inaongeza petroli, na kwenye giaboksi za otomatiki gia ya juu inachelewa. Mwenye gari analalamikia ulaji wa mafuta wakati kifaa kilichotupwa ni kidogo kama kizibo.

Pungufu la maji nalo linafanya hivyo hivyo. Sensa ikikaa kwenye hewa badala ya maji inasoma uongo, sailensi inapanda na kushuka. Jaza injini ikiwa baridi, hita ikiwa imewekwa kwenye joto, kizibo wazi, hadi viputo viishe.

#17 Mtaa wa Nyuma

March K12 ya jirani imeoshwa throto, sasa iko 1300 wiki ya pili. Utaratibu wa Toyota haujaisaidia.

#18 Spana Kumi

Nissan haijifunzi yenyewe kwa urahisi, inataka kufundishwa kwa pedali, na saa ya sekunde mkononi. Masharti kwanza: maji nyuzi 70 hadi 100, betri juu ya volti 12.9 injini ikiunguruma, taa na AC na feni vyote vimezimwa, usukani umenyooka, gia P au N. Sharti moja likikosekana itakataa bila kukuambia.

Zima injini. Washa ufunguo bila kustata, mguu mbali, hesabu sekunde 3. Ndani ya sekunde 5 kanyaga mafuta hadi chini na kuachia, mara 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga hadi chini ushikilie: taa ya cheki injini itaanza kumweka, endelea kushika kama sekunde 20 hadi iache kumweka na kuwaka moja kwa moja. Hapo achia ndani ya sekunde 3, stata, iache sekunde 20. Piga resi mara mbili tatu uone inarudi wapi. Watu wengi wanashindwa kwenye zile sekunde 7, wanakanyaga mapema. Rudia tangu mwanzo, haina adhabu.

#19 Mtaa wa Nyuma

Mara ya tatu imekubali. 700, haichezi. Asante sana.

#20 Mwenye swali

Fit ya 1.3 ya zamani, GD1. Plagi mpya nne, inamisi kwa mbali kwenye D, karatasi inapapatika vibaya. Koili nimezihamisha, kodi haipo.

#21 Plagi Tatu

Nne? Hiyo injini ya L13A ya i-DSI ina plagi nane na koili nane, mbili kwa kila silinda. Nne za mbele zinaonekana ukifungua boneti. Nne za nyuma zimejificha karibu na ukuta wa kioo, utazifikia ukitoa mikono ya wipa na ile plastiki yake. Za nyuma zinaweza kuwa zile zile ilizoshuka nazo bandarini. Zibadilishe, kisha hamisha koili za nyuma pia. Ukimaliza: stata, shika 3000 rpm bila mzigo hadi feni iwake, achia, kila kitu kikiwa kimezimwa iache dakika 5 bila kugusa mafuta. Kisha rudi na karatasi yako.

#22 Mwenye swali

Nimechungulia na tochi. Zipo nne, na moja shimo lake limejaa oili.

#23 Plagi Tatu

Basi ongeza na gasketi ya tapet kava kwenye orodha. Ikaushe oili yote kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi kabla hujatoa plagi, isije ikadondokea ndani ya silinda.